Mrejesho: ile barua pepe ya "akaunti yako imezuiwa"

Wakuu, asanteni sana. Wiki iliyopita niliuliza kama barua pepe ya "PayPal" (huduma ya malipo ya mtandaoni) iliyonitaka nithibitishe akaunti ndani ya saa 24 ni ya kweli. Ni matapeli.

Sikubonyeza kitufe kilichokuwa kwenye barua hiyo. Nilifungua programu ya PayPal yenyewe kwenye simu: akaunti iko salama, hakuna onyo lolote. Kisha nikashikilia kile kitufe kwa kidole mpaka kiungo kikajitokeza. Kilianza na paypal.com, moyo ukatulia, kumbe baada ya hapo kuna nukta na jina jingine kabisa. Mwenye tovuti ni lile jina la mwisho pamoja na kiishio chake (kama .com), kabla ya mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://. Hili sikulijua kabisa. Halafu waliniita "Mpendwa mteja", wakati PayPal wenyewe huniandikia kwa jina langu kamili.

Nimeituma phishing@paypal.com, anwani ya PayPal ya kuripoti barua za kitapeli, kisha nikaifuta.

Kinachoniuma ni mdogo wangu. Naye alitumiwa hiyohiyo, akajaza namba ya kadi na zile tarakimu tatu za nyuma. Tulipiga simu benki usiku uleule, kadi ikafungwa kabla hela haijaguswa. Nenosiri amebadilisha, sasa anasubiri kadi mpya.