Mnasema "tupe stori za India", nikizitoa mnataka ng'ombe na oda zenu tu

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu naufungua nikiwa na hasira na sijifichi. Mods, tafadhali msiuhamishie jukwaa la vichekesho.

Nimesoma Pune, India. Nilipomaliza, kabla ya kurudi nyumbani, niliizunguka India kwa treni, maana nilijua nikishakanyaga Dar ni kazi, foleni na michango ya harusi, nafasi kama ile siipati tena. Kwenye kundi letu la WhatsApp la tuliosoma pamoja sekondari watu walinisihi wenyewe: "Dada, turushie kila kitu, na sisi tutalii kupitia wewe." Nikasema sawa. Kila nikifika mahali naandika, natuma picha, narekodi sauti. Na kule wako mbele yetu saa mbili na nusu, kwa hiyo usiku nikingoja kundi liamke kuzungumza, mimi macho yananiuma.

Sasa kilichonifika ni hiki: wale watu hawakutaka kuijua India. India wanayo tayari kichwani, imekamilika. Ng'ombe barabarani, mtu anajisaidia kando ya reli, mgonjwa wa rufaa, na Shah Rukh Khan. Mimi kazi yangu ilikuwa kuigongea muhuri.

Nianze na oda, maana hizo zilinichefua mapema. Nimesimama Ellora, kwenye yale mahekalu ya mapangoni jimbo la Maharashtra, mbele ya hekalu la Kailasa. Hilo halikujengwa, lilichongwa kuanzia juu kushuka chini ndani ya mwamba mmoja, karne ya 8 huko, lina ua, nguzo na tembo wa mawe, vyote ni jiwe lile lile. Natuma picha huku mikono inatetemeka. Jibu la kwanza: "Hapo karibu hakuna maduka ya sari?" La pili: "Uliza bei ya simu." Kuna bwana alitaka spea za pikipiki. Kuna mwingine alitaka dawa za presha za mama yake, cheti hana, jina la dawa kaandika kwa kubahatisha, nikimwambia sinunui dawa ya mtu kwa kubahatisha ananiita mchoyo. Halafu yule wa harusi ya Desemba, huyo alitaka sari za kamati nzima, na hela "nitakurushia ukifika". Mtu natembea na begi moja la mgongoni! Nalala kitanda cha juu kwenye behewa la sleeper, feni inanipulizia usoni, begi ndiyo mto. Sari za kamati nitaziweka wapi?

Hata hiyo treni hawakutaka kuielewa. Niliwaeleza, kwa sababu ni jambo la kushangaza kweli, jinsi tiketi inavyopatikana. Unakata mapema, unaambiwa uko kwenye orodha ya kungoja, WL namba fulani. Watu wakighairi namba inashuka. Ikishuka vya kutosha unafika RAC, maana yake unaruhusiwa kupanda lakini kile kitanda cha chini cha ubavuni mnakaa wawili, usiku kucha, magoti yanatazamana na mtu ambaye hujawahi kumwona. Ukishindwa kabisa kuna Tatkal, ya dharura, inafunguliwa siku moja kabla ya safari, saa nne asubuhi kwa mabehewa ya kiyoyozi na saa tano kwa yasiyo na kiyoyozi, na ndani ya dakika chache zimekwisha. Nchi nzima iko kwenye simu inabofya. Mimi niliona hii ni stori. Jibu nililopata: "Sisi na SGR yetu tumeshawapita hao." Nikasema jamani, hawa treni yao ya kwanza ya abiria ilitoka Bombay kwenda Thane mwaka 1853. Nikaambiwa: "Umeshakuwa Mhindi wewe."

Hiyo "umeshakuwa Mhindi" naomba niiseme vizuri. Ukisifia kitu, umeshakuwa Mhindi. Ukilalamikia kitu, "si ulitaka mwenyewe, ungekaa kwenu." Sasa mtu aseme lipi?

Mfano wa kulalamika ninao. Junagadh, Gujarat, nimeshuka kwenye treni usiku, nimechoka, naingia nyumba ya wageni karibu na stesheni. Kijana wa mapokezi ananitazama kuanzia chini hadi juu, anafunga daftari. Hakuna vyumba vya wageni wa nje. Funguo zimejaa ukutani nyuma yake, naziona kwa macho yangu. Sheria yao ni kwamba hoteli ikimpokea mgeni wa nchi nyingine lazima ipeleke fomu C kwa ofisi ya uhamiaji ndani ya saa 24, na nyumba ndogo nyingi hazitaki usumbufu huo. Hilo nalielewa. Lakini nyumba ya pili jamaa alinionyesha kabisa alama ya mkono ya "toka toka" kama anafukuza kuku, na hapo haikuwa fomu, ilikuwa rangi yangu. Tusidanganyane, ubaguzi kule upo. Januari 2016 binti wa Kitanzania, mwanafunzi kama mimi, alishambuliwa na kundi la watu Bengaluru kwa sababu ya ajali iliyosababishwa na Mwafrika mwingine asiyehusiana naye. Kila Mtanzania aliyesoma India anaijua habari hiyo, tunatembea nayo.

Basi nimepata chumba nyumba ya nne, nimekaa kitandani, nikawaandikia wenzangu. Nilitaka "pole". Neno moja tu. Nikapata emoji za kucheka na mtu mmoja ananiambia: "Ungewaambia wewe ni Mhindi wa kusini." Akajibiwa na kicheko kingine. Simu nikaizima, nikalala na njaa.

Kilichonitoa machozi lakini ni Banaras, wengine huiita Varanasi, mji mtakatifu wa Wahindu kando ya mto Ganga. Pale kwenye ngazi za Manikarnika maiti zinachomwa usiku na mchana, moto haulali. Picha hawataki upige, na ni haki yao, ni msiba wa watu. Simu niliiweka ndani ya begi na nikafunga zipu. Nilichokiona nilikiandika kwa maneno: machela ya mianzi inashuka uchochoroni na wanaume wanaitikia jina la Mungu wao, maiti imefunikwa kitambaa kinachong'aa, mtoto mkubwa wa marehemu kanyolewa kichwa, kavaa nguo nyeupe, na kando, hii ndiyo iliyonikaa, mizani kubwa ya chuma ya kupimia kuni. Kuni zinauzwa kwa uzito. Familia imesimama inatazama mawe ya mizani yanaongezwa, wanahesabu hela wakiwa kwenye kilio. Niliandika kwa adabu zote, nikasema pia ilinikumbusha wazee wetu wanavyopatana bei ya sanda.

Mmoja wa kundi, mtu mzima mwenye watoto, akaenda mtandaoni akatafuta picha ya maiti iliyoungua nusu, akaibandika juu ya maneno yangu, akaambatanisha na sauti yangu niliyoirekodi, akasambaza. "Mtanzania ashuhudia mambo ya kutisha India." Ikazunguka. Ikafika kundi la akina mama wa msikitini Tanga, ikafika kwa mama yangu. Ananipigia sauti inatetemeka: "Mwanangu, umeingia dini gani huko?" Nilimtuliza mama saa nzima, bando likaisha katikati, nikakimbia kutafuta vocha, na vocha kule mgeni haongezi kirahisi, muuza duka hataki noti, anataka uskani kwa simu ile karatasi ya malipo yenye QR, ambayo kwa kawaida inahitaji akaunti ya benki ya kwao. Hadi muuza ndizi wa mkokoteni anayo hiyo karatasi! Nikamwomba mtoto wa chuo mmoja anilipie nimpe taslimu. Wakati huo mama anadhani nimechomwa na mimi.

Aliyefanya hivyo nilipomuuliza kundini, alisema "punguza hasira, ni stori tu".

Sasa mnisikilize kuhusu kilichokosa hata like moja, maana hapo ndipo nilipojua hili kundi halina haja na mimi.

Nilikwenda Jambur. Ni kijiji karibu na Talala, pembeni ya msitu wa Gir, Gujarat. Wanakijiji wengi ni Masidi, watu wenye asili ya Afrika, mababu zao walifikishwa India karne nyingi zilizopita, wengine watumwa, wengine askari na mabaharia. Ukishuka kwenye bajaji pale unasema umefika Muheza. Nyuso ni zetu, nywele ni zetu, na midomo inatoka Kigujarati kitupu. Bibi mmoja alinishika mkono akaulinganisha na wake, akacheka mpaka akakaa chini. Akaniletea chai, akaimimina kwenye kisosi, akanipa ninywe kwenye kisosi, kama alivyofanya nyanya yangu maisha yake yote. Wana ngoma yao ndefu ya kusimama, wanaiita mugarman, na mchezo wao wenyewe wanauita goma. Sihitaji kueleza zaidi kwa watu wa hapa.

Ahmedabad nilisimama kwenye msikiti mdogo uliojengwa mwaka 1573 na Sidi Saiyyed, Mhabeshi. Dirisha lake ni jiwe lililotobolewa likawa mti wenye matawi yanayosokotana, mwanga unapita katikati ya majani. Mji mzima unalitumia dirisha hilo kama nembo yake. Na kule karibu na Ellora, Khuldabad, amezikwa Malik Ambar, Mhabeshi aliyeuzwa utumwani, akaishia kuwa waziri na jemadari aliyewasumbua Mamughal, wafalme wa kaskazini mwa India enzi hizo, na mwaka 1610 akaanzisha mji uliokuja kuitwa Aurangabad. Alikufa 1626. Shuleni nimesoma historia miaka yote ile sijawahi kulisikia jina lake.

Halafu Mandvi, mji wa bandari wilaya ya Kutch, Gujarat, ndiyo hasa. Majahazi bado yanaundwa pale kwa mikono, ukingoni mwa mto Rukmavati, mbao kubwa kuliko nyumba yetu, fundi anagonga pamba kwenye nyufa za mbao kwa nyundo ndogo, tok tok tok, siku nzima. Kutoka pwani hiyo ya Kutch ndiko walikotoka akina Jairam Shivji, ambao kampuni yao ilikodi ushuru wa forodha ya Zanzibar tangu enzi za Seyyid Said, na Tharia Topan ambaye jengo lake la hospitali bado limesimama Mji Mkongwe, mnalipita kila mkishuka boti. Milango ya mjini pale ni ile ile ya Zanzibar, nusura nibishe hodi. Nilituma picha hizo zote, nimeziandikia maelezo, nimekesha. Tiki mbili za bluu kwa kila mtu. Kimya. Baada ya saa kadhaa mtu anaandika: "Ng'ombe hamna huko?"

Mara moja tu kundi lilichangamka, nilipoandika kwamba Gir na maeneo ya jirani ndiko kulikobaki simba wa Asia wanaoishi porini, na sensa ya 2025 ilihesabu 891. Kwanza nikaambiwa naongopa, simba wako Afrika tu. Nilipotuma ushahidi, watu wa Yanga wakauliza hao simba 891 wana makombe mangapi, na siku mbili zilizofuata ilikuwa Kariakoo Derby mle ndani. Hiyo nilicheka, nakiri. Lakini hata hapo hakuna aliyerudi kuuliza walikuwaje.

Na tiketi ya Taj Mahal msiniulize tena. Ndiyo, mgeni analipa rupia 1,100, na 200 juu ukitaka kuingia kaburini kwenyewe, mwenyeji 50. Na sisi Serengeti tunafanya hivyo hivyo kwa wageni. Ijumaa wanafunga. Nilikwenda alfajiri, ni pazuri, nimemaliza.

Nimerudi Dar sasa. Tulikutana na hao hao, meza moja. "Enhe, India vipi?" Nikafungua mdomo nikafika kwenye neno "Mandvi", mtu akasema "subiri kidogo", akaanza kueleza kiwanja alichonunua Kigamboni. Subiri hiyo haijaisha mpaka leo.

Dada wa sari: uliyoagiza ya mama mkwe wako nimeileta, ya kijani, ipo kwangu, njoo na hela taslimu na uongeze ya uzito wa mizigo, za kamati tafuta Kariakoo. Wa spea, sikununua. Aliyesambaza ile picha, mama yangu anasubiri umpigie umwombe radhi, namba yake unayo, maana ulikuwa unakula kwetu.

Wadau wa humu wenye maswali ya viza, treni, fomu C au njia ya kufika Jambur, ulizeni hapa hapa uzini nitajibu, sitaki PM. Na ninyi wa kundi lile mtakaopita kimya kimya kama kawaida yenu: ndiyo, ni mimi.