Mrejesho: Kumbe yule mtangazaji wa baba mdogo ni mwigizaji

Wakuu, wiki mbili zilizopita niliuliza jina la kipindi cha Kimarekani kilichomo kwenye kanda ya zamani ya baba mdogo, pale Uyole: mtangazaji kavaa suti, wageni wanaanikana siri za ndoa, watazamaji wanazomea. Baba mdogo aliapa ni ugomvi wa kweli.

Aliyesema Night Stand kapatia. Ni vichekesho vya 1995 hadi 1997, na huyo mtangazaji, Dick Dietrick, ni Timothy Stack anaigiza, akivikejeli vipindi vya umbea.

Jumapili nikampelekea habari. Baridi ya Mbeya mnaijua, tumezunguka jiko la mkaa, mama mdogo anamenya viazi. Alicheka mpaka kisu kikamdondoka. Baba mdogo kanuna. "Na yule Jerry Springer naye mwigizaji?" Nikamwambia hapana, chake kilikuwa kipindi cha umbea kweli, 1991 hadi 2018, na mwenyewe aliwahi kuwa meya wa jiji la Cincinnati, Marekani, mwaka 1977. Hapo ndipo nilipoharibu.

"Meya mzima aje kuamua ugomvi wa michepuko? Hicho ndicho cha kuigiza!"

Sasa haamini hata taarifa ya habari. Kanda kanipa, deki kabaki nayo.