Tupeane uzoefu: karo, kisima na mbu wa masika

Fundi Karo: Masika yameingia, makaro (mashimo ya maji machafu ya choo) yanafurika, mbu hawatulazi. Naanza mie: tazameni bomba la pumzi la karo. Likiwa wazi juu, mbu anaingilia hapo kutaga na kizazi chake kinatokea hapohapo. Fungeni wavu wa tundu za milimita 1.2 mpaka 1.5. Wa chuma cha kawaida msiutie, gesi inaula ukabaki kutu tupu.

Bi Mwana: Kweli kabisa. Na nyufa za mfuniko zizibwe kwa saruji.

Mnyonya Karo: Hapo kwenye mfuniko mmegusa penyewe. Karo lililokaa miaka likifunuliwa, kwanza wanatoka mbu, wingu zima, kama moshi wa kuni mbichi. Ukimulika tochi unaona maji yanachezacheza: viluwiluwi, vichwa chini mikia juu, vinavuta pumzi. Kisha anatokea mtu anataka kushuka azibue. ASISHUKE! Gesi ya mle huua kwa pumzi chache, na anayemfuata kumuokoa huanguka juu yake. Zibueni kwa mti mrefu mkiwa juu, au gari linyonye. Na kibatari kaeni nacho mbali.

Yakhe wa Sebleni: Subhanallah. Mie najua kumwaga karoni mafuta machafu ya gari tu, nusu lita, kazi kwisha.

Fundi Karo: Kazi kwisha na kisima cha jirani! Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, vyooni walimwaga punje za stairofomu, plastiki nyepesi inayoelea, kupambana na mbu wa matende. Tabaka la sentimita 1 hivi linaelea: mbu hapati pa kutaga, kiluwiluwi hapati pa kupumulia. Ila shimo liwe halifuriki. La bondeni, punje zote zitakwenda na mvua.

Yakhe wa Sebleni: Kisima kiko mita 30 na karo, ndivyo inavyotakiwa. Kuna nini tena?

Mnyonya Karo: Mita 30 za mchanga unaochuja, yakhe. Jiwe la matumbawe lina mipasuko, maji ya karo yanapita humo kama mferejini.

Bi Mwana: Maji ya kunywa tieni klorini. Ile ya kufulia, isiyo na manukato, ya asilimia 5: matone 2 kwa lita, 40 kwa ndoo ya lita 20, ngojeni nusu saa. Maji ya tope yatuame na yachujwe kwanza, tope linaimaliza nguvu dawa.

Mpemba Mjini: Chemsheni tu.

Bi Mwana: Mkaa utanunua wewe?

Mkaazi wa Bondeni: Mmeshikilia karo, na mbu wa kidingapopo (homa ya dengi) anataka maji safi! Anauma mchana, anataga ubavuni mwa pipa, juu kidogo ya maji. Mayai yakikauka yanangoja miezi. Kumwaga hakutoshi, sugueni kwa brashi kila wiki, kisha mfunike.

Mpemba Mjini: Hata mtungi wa kunawia?

Mkaazi wa Bondeni: Huo hasa.

Yakhe wa Sebleni: Haya. Wavu wa plastiki sokoni Darajani mita bei gani siku hizi?