Wakuu naomba ushauri: fremu zangu zimepigwa X katikati ya mji, zilibaki rangi tu

Mbuyu Pweke
Mbukwenyi wakuu. Miaka yote humu mimi ni msomaji wa kimya, leo yamenikuta. Kwetu ni mji mdogo kando ya barabara kuu ya Dodoma–Morogoro, jina nalihifadhi kwa sababu tunajuana wote. Tuna kiwanja cha ukoo, mita 20 upande wa mbele kwa 30 kwenda nyuma, pale kitovu cha mji, jirani na soko. Nimejenga fremu sita za maduka, kila moja upana mita tatu na nusu, zimebaki rangi na umeme. Ijumaa wamekuja watu wa mipango miji na mgambo wawili, wamepiga X nyekundu ukuta mzima na kuandika BOMOA SIKU 30. Wanasema kwenye mchoro wa mji hapo ni stendi ndogo na eneo la wazi. Je, naweza kuomba kubadili matumizi ya ardhi iwe biashara? Inachukua muda gani? Usingizi sina. Wenye kejeli naomba mpite tu.

Zabibu Chungu
Kubadili matumizi kunaombwa kabla ya kumwaga zege, mkuu. Ukishapigwa X, anayebadilishwa matumizi ni wewe.

Fundi Lenta
Pole sana kaka. Hizo fremu ni tofali za inchi tano au sita? Lenta ulifunga nondo za ngapi? Ushauri wa kifundi: milango ya chuma ing'oe mapema. Tingatinga likishafika halina subira, na milango mizuri haikosi mteja.

Mzee wa Faili
Kijana, nimekaa masijala ya ardhi muda mrefu kabla ya kustaafu, nijibu taratibu. Moja, kutoka katikati ya lami hadi ukuta wako ni mita ngapi? Nauliza kwa sababu hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande tangu ije Sheria ya Barabara ya 2007, zamani ilikuwa 22.5. Aliyekutwa ndani ya ile nyongeza ya 7.5 huwekewa X ya kijani na hulipwa. Nyekundu maana yake huna chako. Mbili, una hati? Tatu, kibali cha ujenzi kiko wapi?

Mbuyu Pweke
Shikamoo mzee. Barabara iko mbali, ni kama hatua sitini, wala X haikupigwa na watu wa barabara. Hati hatuna, ni eneo la ukoo tuliloachiwa na marehemu baba, bibi yangu alilima mtama pale kabla mji haujafika. Kibali nilikuwa nakifuatilia.

Zabibu Chungu
"Nilikuwa nakifuatilia" ni kibali cha Tanzania nzima.

Mama Ubuyu
Mwanangu usilie. Mimi nilikuwa na genge langu la ubuyu na karanga pale stendi ya zamani ya Dodoma mjini. Stendi ilipopelekwa Nanenane nilidhani nimekufa. Wiki mbili sikuuza kitu, nikawa nakaa naangalia barabara. Kisha kondakta mmoja akaniambia, mama, abiria hawaji kwako, wewe ndiye unawafuata abiria. Nikahama na beseni langu. Leo nasomesha wawili chuo. Yule kondakta mpaka leo namwekea ubuyu wa bure, ingawa mke wake hapendi.

Mtumishi Mnyenyekevu
Tuseme ukweli. Eneo la wazi ni pafu la mji. Kila mtu akijenga fremu, watoto watacheza wapi, maji ya mvua yatapita wapi? Halafu tunalaumu Serikali.

Kobe wa Chamwino
Mtumishi, mahubiri baadaye. Ndugu, kimbilia baraza la kata ukaweke zuio.

Mzee wa Faili
Kobe usimpoteze mtoto wa watu. Tangu marekebisho ya 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, haliamui. Na ukitaka kuishtaki halmashauri unatoa kwanza notisi ya siku 90, kesi inakwenda Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu anaunganishwa kama mdaiwa. Wewe umepewa 30. Hesabu mwenyewe. Labda wakili akuombee zuio la dharura, na wakili ataanza kwa kuuliza ninalouliza mimi: ilikuwaje mchoro wa stendi ukapita juu ya ardhi ya ukoo na ukoo ukanyamaza? Mpango hauchorwi usiku. Watu huitwa mkutanoni, mthamini hupita, fomu husainiwa. Marehemu baba yako alisaini kitu?

(Siku mbili kimya.)

Zabibu Chungu
Mwenye uzi kaenda kulima mtama wa bibi.

Mbuyu Pweke
Samahani, mtandao ulisumbua. Mzee, sikutaka kulitaja kwa heshima ya baba. Mwaka 2014 alilipwa pesa kidogo ya mazao na kibanda, na akapewa kiwanja mbadala kule nyuma karibu na shule. Kile mbadala tulikiuza, pesa ikanisomesha. Lakini jamani, zaidi ya miaka kumi stendi haijajengwa! Pamejaa mbigili na mbuzi, bajaji zinapaki hovyo. Mwenyekiti wa mtaa mwenyewe alisema pametelekezwa, niendelee. Mtu ukiona ardhi ya babu yako inalala hivyo utafanyaje? Isitoshe kilemba, ile pesa ya kuingilia fremu, nimeshachukua kwa wapangaji wanne, nikakiingiza kwenye mabati. Maji nimeshayavulia nguo, siwezi kurudi nyuma.

Mama Ubuyu
Mwanangu!

Mtumishi Mnyenyekevu
Nilijua.

Kobe wa Chamwino
Mimi bado namtetea. Halmashauri inatwaa ardhi, inailaza miaka kumi, halafu mtu akiigusa ndipo wanakumbuka wana mchoro. Hilo nalo halina X?

Kipimajoto
Wakuu, mnapoteza muda. Huu uzi umetungwa. Angalieni: kuna mchoro, kiwanja mbadala, fidia, mwenyekiti wa mtaa, kilemba, marehemu. Kila mada ya muhula imo! Huyu ni mwanafunzi wa Chuo cha Mipango pale Dodoma, kapewa kazi ya nyumbani, sisi ndio tunamfanyia. Tena hesabu kakosea. Fremu sita mara mita tatu na nusu ni mita 21. Kiwanja kina 20. Hiyo mita moja kaitoa mbinguni?

Zabibu Chungu
Swali la 3(b): Toa hoja nne kumtetea Bwana Mbuyu. (Alama 12.)

Fundi Lenta
Hapo hajahesabu hata unene wa kuta. Fremu sita zina kuta saba. Kweli uongo huu.

Mbuyu Pweke
Siyo mwanafunzi na sijatunga! Ile X waliipiga plasta ikiwa mbichi, rangi imechuruzika mpaka kizingitini, mtoto wangu anauliza kama kuna mtu kaumia. Mtu anatunga hilo? Na hiyo mita... fremu ya mwisho imeingia kidogo uchochoroni. Majirani hawakulalamika.

Kipimajoto
Sasa nimeamini. Muongo wa kutunga asingejiongezea kosa.

Mzee wa Faili
Awe mwanafunzi asiwe, jibu ni lile lile. Uchochoro ule kwa vyovyote ndiyo njia ya mtaro wa maji ya soko, ukuta ulioingia humo ubomoe kesho bila kungoja mtu. Kubadili matumizi anaomba mwenye kiwanja: anatangaza gazetini, anabandika tangazo pale pale, majirani wanapinga au wanakubali, ndipo kamati inakaa. Wewe si mwenye kiwanja tangu 2014. Fidia hailipwi mara mbili, na mwenyekiti wa mtaa hana kalamu ya kurudisha ardhi. Anachosema Kobe kuhusu kulaza eneo ni cha kweli, kaseme kwenye baraza la madiwani, lakini hakikupi hati. Mwandikie mkurugenzi uombe muda uvunje mwenyewe, uokoe mabati na tofali. Kisha omba kuuona mchoro: pembeni ya stendi lazima kuna viwanja vya biashara. Ulizia vinagawiwa lini.

Mbuyu Pweke
Asante mzee. Ila huyu mwenye saluni, mpangaji wa fremu ya tatu, kashaleta vioo tangu jana na ameshalipa fundi. Nimwambieje? Hata X nimemwambia ni ya watu wa umeme.

Mama Ubuyu
Mwambie leo. Tena nenda na hela yake mkononi.

Mbuyu Pweke
Hela yake ndiyo mabati, mama.

Fundi Lenta
Hivyo vioo vina ukubwa gani?