Tulisoma kwa Kifaransa, tunatangaza kwa Kiswahili: mliosoma habari na mawasiliano, tupeane uzoefu

Binti wa Katuba, Lubumbashi

Wapendwa, salamu kwenu. Jambo hili limenikaa rohoni muda mrefu. Leo naliweka hapa ili tusaidiane, hasa kwa ajili ya wadogo zetu ambao bado wako fakulte.

Mimi nilisoma sayansi ya habari na mawasiliano hapa Lubumbashi katika mfumo wa zamani, G1 hadi G3, yaani miaka mitatu ya kwanza, kisha lisansi miaka miwili. Miaka yote mitano nilifundishwa kwa Kifaransa. Silabusi Kifaransa, mitihani Kifaransa, hata zoezi la kusoma taarifa ya habari mbele ya wenzangu nililifanya kwa Kifaransa. Halafu nikaenda staji, yaani mafunzo ya kazini, kwenye redio moja ya mtaani. Mkuu wa wahariri akasoma karatasi yangu ya kwanza, akaiweka mezani, akaniuliza, "Haya yote unaweza kuyasema kwa Kiswahili?" Nikajibu ndiyo bila kuwaza. Nimezaliwa Katuba, Kiswahili ndicho nilichoanza nacho kusema.

Wiki ileile nikatumwa kwenye mkutano wa kampuni ya madini na wakazi wa vijiji vinavyopakana na mgodi. Mnajua sheria ya madini ya Kongo ilirekebishwa mwaka 2018. Tangu hapo kampuni inayochimba inapaswa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, tena itie saini na jamii hizo kile ambacho Kifaransa kinakiita cahier des charges, yaani hati ya ahadi zake. Nikarudi studio, nikatafsiri neno kwa neno, na jioni nikasoma hewani kwamba kampuni itatoa asilimia sifuri nukta tatu ya "tarakimu ya biashara" kulingana na "daftari la mizigo". Sauti haikutetemeka. Nilitoka studio nimefurahi.

Asubuhi nikapita kwa mama mmoja anayekaanga vitumbula karibu na redio. Akaniambia, "Mwanangu, jana nilikusikia. Ile daftari ya mizigo, nani atabeba ile mizigo?" Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa na ndugu katika kijiji kimojawapo, na alitaka kujua kama vijana wa kule watapewa kazi ya kubeba.

Nikavuta kibao, nikakaa. Mafuta yanachemka, yeye anageuza vitumbula kwa kijiti, ananiuliza, najibu, anauliza tena. "Wakiuza vya dola mia, kijiji kinapata ngapi?" Senti thelathini. "Vya dola elfu?" Dola tatu. Akatoa vitumbula vilivyoiva, akatia vingine, kisha akasema, "Basi sema hivyo. Wakiuza vya dola elfu, dola tatu ni za kijiji. Na hiyo karatasi ni ahadi zao: shule wapi, kisima wapi, mwaka gani."

Jioni nikasoma habari ileile kwa maneno yake. Watu wakapiga simu studio. Mmoja akauliza, "Hizo dola elfu anazihesabu nani?" Swali hilo mimi mwenyewe sikuwa nimeliuliza mkutanoni, na siku ya pili nililifuata.

Fakulte nilikariri maswali matano ya mtaalamu wa mawasiliano Lasswell ya mwaka 1948: nani anasema, anasema nini, kwa njia gani, kwa nani, na matokeo yake nini. Alama nilipata nzuri. Lakini hilo "kwa nani" lilibaki mstari wa karatasi ya mtihani mpaka siku ile nilipokaa kwenye kibao cha mama wa vitumbula.

Sasa na ninyi semeni. Somo lipi la fakulte lilikuja kuwa kazi mikononi mwenu, na ilikuwa siku gani?

Dada wa Ndosho, Goma

Asante yaya, dada yangu mkubwa, kwa kufungua mada hii. Yangu ina tarehe kamili: Jumamosi tarehe 22 Mei 2021.

Nilikuwa G2. Jioni anga juu ya Goma likawa jekundu, na simu zikaanza. Katika saa moja nilipokea audio nyingi kuliko nilizozoea kupokea kwa wiki nzima. Huyu anasema ni volkano ya Nyamulagira, iko mbali, tulale. Yule anasema ni volkano ya Nyiragongo, iko karibu, tukimbie. Wengine walishaanza kutembea kuelekea mpaka wa Gisenyi, wengine Sake, magodoro kichwani, watoto wamefungwa mgongoni.

Miezi michache kabla, tulikuwa tumesoma kielelezo cha mawasiliano cha Shannon na Weaver cha mwaka 1949: chanzo, mkondo, kelele, mpokeaji. Mimi "kelele" nilikuwa naielewa kama mkwaruzo wa redio mbovu, kwa sababu mfano wa silabusi ulikuwa wa waya za simu. Usiku ule kelele zilikuwa ni sauti safi kabisa. Kulikuwa na audio moja ya mwanaume, Kiswahili kizuri, ametulia kama anasoma zaburi, anasema gesi ya ziwa Kivu italipuka kabla ya alfajiri. Shangazi yangu aliisikiliza mara mbili, akaanza kufunga nguo za watoto.

Nikamuuliza, "Shangazi, huyu ni nani?" Hakujua. Aliyemtumia? Naye alitumiwa. Nikamwomba tusubiri kidogo. Akanitazama akasema, "Wewe mwaka 2002 ulikuwa mtoto mchanga. Mimi niliona moto ukipita katikati ya mji." Akaondoka. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sisemi alikosea. Lava ya safari hii ilisimama Buhene, karibu na mji, lakini tarehe 27 mamlaka ziliamuru sehemu ya Goma ihame, zikieleza kwamba magma ilikuwa chini ya mji hadi chini ya ziwa. Audio ya yule mtu ilikuwa ya uongo katika saa iliyotaja, ila hofu yake haikutoka hewani.

Kilichoniuma ni hiki. Tangazo la kuhama lililonifikia mimi kwanza lilikuwa picha ya karatasi, Kifaransa kitupu, na muhuri chini. Mabibi wa mtaani kwetu walinizunguka niwasomee. Nilisoma nimesimama kwenye mawe, barabarani, watu wanapita na mizigo. Mtaa fulani, ndiyo. Mtaa fulani, haumo. Elekea huku. Bibi mmoja aliniomba nirudie jina la mtaa wake mara tatu. Ile ndiyo taarifa ya habari yangu ya kwanza, na haikupita kwenye redio yoyote.

TFC yangu, ile kazi ya kumaliza masomo, niliandika juu ya audio za wiki ile. Nilizikusanya kutoka makundi ya familia na ya kanisa, nikaziandika zote kwa mkono. Karibu zote hazina jina la msemaji wala saa. Ndiyo maana sasa nikirekodi lolote, hata tangazo la mkutano wa wanafunzi, naanza na jina langu, mahali nilipo, tarehe na saa. Naomba na ninyi mfanye hivyo.

Baba wa watatu, Bukavu

Mimi nitasema neno moja tu: présumé, yaani anayedhaniwa.

Darasa letu la kwanza la maadili ya uandishi hapa Bukavu, mwalimu aliingia, hakusalimia, akaandika majina mawili ubaoni: Serge Maheshe, 2007. Didace Namujimbo, 2008. Wote wawili wa Radio Okapi, wote wawili waliuawa kwa risasi katika mji huu. Akatuachia kimya kirefu. Kisha akasema kazi hii ina uzito pande mbili: neno lako linaweza kukuua wewe, na linaweza kumuua mwingine. Upande wa kwanza niliuelewa palepale. Wa pili nilichelewa.

Nilikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Polisi walionyesha vijana waliokamatwa. Karatasi ya Kifaransa iliandika "voleurs présumés". Mimi hewani nikasema "wezi waliokamatwa Kadutu", nikataja na avenue, yaani barabara yao. Lile neno la pili lilidondoka njiani, na mimi sikuliona likidondoka.

Siku mbili baadaye mama wa kijana mmoja alikuja redio. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisa. Hakupiga kelele. Alisema, "Mwanangu hajafika mbele ya jaji. Mbona ninyi mmeshamkatia hukumu?" Akaeleza kwamba wadogo zake hawaendi tena shule, watoto wanawaita watoto wa nyumba ya mwizi. Baadaye yule kijana aliachiliwa bila kosa.

Tulimpa haki yake ya kujibu, alizungumza hewani mwenyewe, nami nikaomba msamaha kwa jina langu. Lakini waliosikia "mwizi" na waliosikia msamaha si watu walewale. Mahali pa présumé tuna "mshukiwa", tuna "anayedhaniwa kuwa". Ni ndefu, inakula sekunde. Acheni ile sekunde iliwe.

Mwanafunzi wa L2, Lubumbashi

Wakubwa wangu shikamooni. Mimi ni wa mfumo mpya wa LMD (lisansi, masta, dokta), niko mwaka wa pili, nitamaliza lisansi kwa miaka mitatu. Mwaka kesho nina staji. Nauliza mambo mawili. Ni kweli wanastaji hawalipwi? Na watu wanasema mkienda kwenye mikutano mnapewa "kupaji". Ni mshahara au ni nini?

Mukubwa wa Kamalondo

Mdogo wangu, ni vizuri umeuliza hadharani, kwa sababu fakulte hutapewa jibu kamili.

Staji nyingi hazilipwi, na transpoti ni juu yako. Panga na wazazi mapema. Mimi nilitembea kwa miguu kutoka nyumbani hadi redio miezi miwili.

Kupaji ni pesa anayotoa mwenye tukio kwa waandishi waliokuja. Ukumbi wa hoteli, hotuba, picha, halafu mtu wa mawasiliano anapita na orodha na bahasha. Inaitwa pesa ya usafiri. Ukweli ni kwamba waandishi wengi wanakula kwayo, kwa kuwa redio zao haziwalipi au zinawalipa kidogo sana. Sitakudanganya kwamba mimi sikuwahi kuchukua. Nilichukua. Siku moja nilichukua faranga elfu ishirini kwa mtu aliyekuwa anazindua shule. Nilipofika studio nikakumbuka kuwa wazazi wawili nje ya ukumbi waliniambia shule ile ilijengwa kwa michango yao. Sauti zao nilikuwa nazo kwenye simu. Sikuziweka hewani. Hakuna aliyenikataza. Bahasha ilikuwa mfukoni, basi.

Kesho yake nilirudi kwa wale wazazi, nikaomba tena, na habari ya pili ikatoka na sauti zao. Yule mzinduzi hakuniita tena kwenye shughuli zake. Tangu hapo nilijiwekea kanuni moja: nikitumwa, redio initafutie nauli, hata kama ni ndogo. Mwezi wa kwanza mkurugenzi alikataa. Wa pili alikubali, baada ya wenzangu watatu kusema kama mimi. Jipangeni pamoja, peke yako hutaweza.

Mama Pacha, Goma

Naomba nami niweke la kwangu. Msije mkawafanya vijana wadharau Kifaransa. Sheria zinaandikwa kwa Kifaransa, hata ile ya vyombo vya habari ya mwaka 2023. Mikataba Kifaransa, ripoti Kifaransa. Asiyekisoma vizuri atatafsiri kosa. Binti wa Katuba, wewe tatizo lako halikuwa Kiswahili. Chiffre d'affaires, yaani mauzo ya kampuni, ile uliyoiita "tarakimu ya biashara", hukuwa umeielewa.

Binti wa Katuba

Mama Pacha, umenigusa penyewe. Ni kweli kabisa. Niliijua kwa kuikariri. Mama wa vitumbula ndiye aliyenilazimisha nielewe, maana huwezi kumweleza mtu kitu ambacho wewe mwenyewe umekishika kwa majina tu. Tangu siku ile nina daftari. Upande mmoja neno la Kifaransa, upande wa pili jinsi mtu wa mtaani alivyonirudishia baada ya kuelewa. Si tafsiri yangu, ni yake. Limefika ukurasa wa sitini na kitu, nitaanza kuyaweka hapa machache machache.

Mdogo wetu wa L2, anza lako leo, usisubiri staji.

Mwanafunzi wa L2, Lubumbashi

Nimeanza jana usiku, wakubwa. Neno la kwanza niliweka "délestage", nikaandika "mgao wa umeme" kama nilivyosoma kwenye magazeti ya Tanzania. Nikamsomea mama sentensi: "Mgao wa umeme utaendelea wiki hii." Akafurahi sana, akasema, "Kumbe wanatugawia wengine na sisi? Watafika lini huku kwetu?" Alidhani ni umeme mpya unaletwa. Nilimwonea huruma, maana tulikuwa tumewasha mshumaa. Sasa niandike nini?

Binti wa Katuba

Yeye mwenyewe anasemaje moto wa umeme ukikatika?

Mwanafunzi wa L2, Lubumbashi

Anasema "delestaji".

Binti wa Katuba

Andika delestaji. Halafu muulize moto unakatika saa ngapi na unarudi saa ngapi, uandike na hizo saa.