Naomba ushauri: nyumba ni yetu, ardhi si yetu, tumepewa siku 30 tuondoke

Assalaam alaikum ndugu zangu, na habari zenu nyote. Naomba msaada wa wanaojua sheria za ardhi hapa Kenya.

Nyumba yetu iko Majengo, Mombasa, katika zile za nyumba bila ardhi. Marehemu babu aliijenga kwa ruhusa ya mwenye kiwanja, na tangu hapo tumelipa kodi ya ardhi kila mwezi. Risiti tunazo, za zamani zimeandikwa kwa mkono, karatasi imegeuka manjano lakini sahihi inasomeka. Mkataba hakuna, walikubaliana kwa mdomo.

Sasa warithi wa mwenye kiwanja wameuza ardhi. Mnunuzi ametuletea barua ya wakili, tubomoe tuondoke ndani ya siku 30. Kodi tukimpelekea haipokei. Chifu alituita pande zote mbili, mnunuzi hakutokea. Fidia hataki hata kuisikia, na nyumba ya mawe hatuwezi kuing'oa tukaihamishia kwengine!

Nimesoma kifungu cha 152E cha Sheria ya Ardhi, kilichoingizwa 2016. Kinataka notisi ya maandishi isiyopungua miezi 3, ila kinamtaja anayekaa bila idhini ya mwenye ardhi. Sisi tuliingia kwa idhini.

Je, kifungu hicho kinatuhusu, au tunahesabiwa wapangaji tu? Na tukienda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kuomba zuio, tunaweza kudai na thamani ya nyumba humo humo? Mama ni mtu mzima, hana pengine pa kwenda. Tafadhalini, anayejua anijibu mapema.