Shotikati za kibodi: nimekariri zimenishinda, nianzie wapi?

Karani_Taratibu

Wakuu habari zenu. Kuna jambo najua kwa wengine ni dogo ila mi linanitesa. Kazi yangu ni kuingiza data, kutwa nzima nipo Excel na Word, nakopi huku napesti kule, nabadilisha majina ya mafaili, nafungua imeili natoa kiambatanisho narudi tena Excel, na vyote hivyo nafanya kwa mausi. Juzi kakaa pembeni yangu dogo mmoja mgeni kazini, aisee yule mausi hagusi, vidole tu vinacheza, mi bado natafuta pa kubofya yeye kashamaliza ukurasa anapiga miayo.

Basi nikatafuta orodha ya shotikati, zile batani unazobonya badala ya kubofya kwa mausi, nikaprinti karatasi mbili zimejaa nikabandika ukutani. Wiki ya tatu sasaivi, ninazokumbuka ni kukopi na kupesti ambazo nilikuwa nazijua toka zamani. Na kuna siku nilibonya sijui nini, kila nikiandika herufi inakula ya mbele yake, nikazima kompyuta kwa hasira.

Swali langu, zipi kweli zina faida kwa kazi za kila siku na nyie mlizishikaje mpaka zikakaa? Msinipe orodha nyingine tafadhali, karatasi ninazo.

VidoleKumi

Mkuu toa hizo karatasi ukutani kwanza. Umeanza na orodha wakati ulitakiwa uanze na mkono wako. Kesho fanya kazi kama kawaida ila jiangalie tu, kila mkono unapoacha kibodi kwenda kwenye mausi jiulize umeenda kufanya nini. Mi nilivyojichunguza nikakuta safari karibu zote ni za vitu vitatu: kuhama dirisha, kushuka chini kwenye jedwali refu, na kuhailaiti maneno ili nifute. Nikachukua hivyo vitatu nikaachana na mengine yote kwa mwezi mzima.

Kuhama dirisha ni Alt+Tab. Watu wengi wanaibonya vibaya, wanagonga zote mbili na kuachia hapo hapo afu wanalalamika inawarudisha kule kule walikotoka, kumbe ukigonga haraka kazi yake ndo hiyo, inakurusha kati ya madirisha mawili ya mwisho uliyotumia, na kwa mtu anayetoa vitu Word kupeleka Excel kama wewe hicho ndicho unachotaka. Ukitaka dirisha la mbali zaidi shikilia Alt usiiachie, gonga Tab mpaka ufike, ndo uachie.

Kwenye Excel, Ctrl na mshale wa chini inakutupa mpaka seli ya mwisho yenye data. Ongeza Shift hapo na inachagua kila kitu njiani. Kama katikati kuna seli tupu itasimama hapo, usiikasirikie, mi ndo ninavyowakamata walioruka mistari. Kwenye Word, Ctrl na mshale wa kushoto au kulia inaruka neno zima badala ya herufi moja moja, na Ctrl+Backspace inafuta neno zima. Hii ya mwisho ikikukaa kwenye kidole hutaamini ulikuwa unaishije.

Hiyo ya herufi kulana ni batani ya Insert, iko jirani na Delete au Backspace kwahiyo kidole kinaigusa bila kujua. Ibonye tena inarudi kawaida. Hukuhitaji kuzima kompyuta 😂

Mama_Lahajedwali

Naongezea kidogo kwa VidoleKumi, kwenye Word za miaka ya karibuni hiyo Insert haifanyi hivyo mpaka mtu aiwashe kwenye mipangilio, kwahiyo kaka angalia, huenda aliyetumia hiyo mashine kabla yako aliiwasha. Programu nyingine nyingi ndo bado ziko hivyo.

Mi umenigusa uliposema unabadilisha majina ya mafaili. Kaka angu unabofya jina, unasubiri, unabofya tena, si ndio? Chagua faili bonya F2, jina linafunguka unaandika. Na utamu wenyewe uko hapa, ukimaliza usibonye Enter, bonya Tab, inakupeleka faili linalofuata likiwa tayari limefunguka kuandikwa jina. Mafaili hamsini unayamaliza mikono haijanyanyuka. Kama ni laptopu na F2 inakuchezea mwanga au sauti, shika Fn pamoja nayo.

F2 hiyo hiyo kwenye Excel inaingia ndani ya seli kurekebisha bila kufuta kilichomo. Nyingine ninayoitumia kila siku ya Mungu ni Ctrl na nukta mkato, inaweka tarehe ya leo, yani mtu anaandika tarehe kwa mkono mara mia kwa siku afu anakosea mwaka kila Januari. Na Ctrl+D inashusha kilichopo seli ya juu kuja ulipo. F4 ya kuweka alama za dola kwenye fomula siigusii, kama huandiki fomula haikuhusu.

MausiDaima

Mi naona mnakuza mambo. Mausi iliwakosea nini? Mi nahariri picha, niambie shotikati ya kuzungusha mstari kwenye nywele za mtu. Afu hamsemi hasara zake, nilishawahi kufuta folda zima kwa Shift+Delete nikijua nitalikuta kwenye pipa la taka, kumbe hiyo hailipitishi huko kabisa, linaondoka moja kwa moja. Na Ctrl+W imekaa bega kwa bega na Ctrl+Q, unataka kufunga ukurasa mmoja kumbe kwenye programu nyingine umeizima yote.

VidoleKumi

@MausiDaima kwa picha upo sahihi, hakuna anayebisha. Ila hata wewe bila shaka huendi juu kwenye menyu kila ukitaka kurudisha ulichokosea, unabonya Ctrl+Z. Basi na wewe ni mwenzetu. Na ukifunga ukurasa wa brauza kwa bahati mbaya bonya Ctrl+Shift+T unarudi, ukirudia inarudisha na wa kabla yake.

MausiDaima

Hiyo ya T sikuwa naijua, nimeijaribu sasaivi. Sawa, moja bila.

BabuWaDosi

Vijana mnaokariri mngejua zilivyotokea zingewakaa zenyewe. Z, X, C na V zinazobonywa pamoja na Ctrl mnadhani ni ufupisho wa maneno? C ni kweli inaendana na kukopi. X inafanana na mkasi uliofunguka, ndo ya kukata. V haina neno lolote la kupesti, imewekwa kwa sababu iko jirani na C, mkono wa kushoto unashika batani ya pembeni na vidole vinafika zote nne bila kuhama huku mkono wa kulia uko kwenye mausi. Yani hata hizi shotikati zilipangwa zishirikiane na mausi, MausiDaima usiogope. Mtu anayehusishwa zaidi na kukata, kukopi na kupesti ni Larry Tesler, mtaalamu wa kompyuta, alikuwa kampuni ya Xerox miaka ya 1970, akahamia Apple, na kompyuta yao ya Lisa ya 1983 ikatoka na herufi hizo hizo. Alifariki mwaka 2020.

Windows za zamani zilikuwa na zake: Ctrl+Insert kukopi, Shift+Insert kupesti, Shift+Delete kukata. Jaribuni, sehemu nyingi bado zinafanya kazi mpaka leo. Ndo maana Shift+Delete ndani ya maandishi inakata vizuri tu, ukiipeleka kwenye mafaili inakuliza kama ilivyomliza mwenzetu.

Na Ctrl+Alt+Delete ni ya David Bradley wa IBM, kwenye ile PC yao ya 1981. Ilikuwa ya kuwasha upya mashine kwahiyo batani zikawekwa mbalimbali makusudi, mtu asizibonye zote kwa bahati mbaya. Ila kwa programu iliyoganda siku hizi Ctrl+Shift+Esc ndo fupi zaidi, inafungua moja kwa moja pale pa kuiua.

Kimya_Kimya

Mnamsaidia halafu hamna aliyemwambia Windows+V?? Mtu kutwa anakopi na kupesti jamani. Ukibonya mara ya kwanza itakuuliza kama unataka kuiwasha, ukikubali kuanzia hapo inakutunzia vitu hadi 25 ulivyokopi, unachagua cha kupesti. Sio lazima uende kopi moja rudi kopi moja rudi. Unakopi vitano mfululizo kule afu unakuja kuvimwaga huku. Ukizima kompyuta vinafutika isipokuwa ulivyobandika pini. Tahadhari moja, ukikopi neno la siri nalo linakaa humo, kwahiyo kwenye mashine ya kushea ikumbuke hiyo.

Na ukikopi toka kwenye intaneti ukapesti ikaja na rangi na fonti za huko, tumia Ctrl+Shift+V, inaleta maneno matupu. Kwenye brauza nyingi inafanya na Word mpya nazo zimeikubali.

Karani_Taratibu

Wakuu nimerudi, siku nne hizi. Karatasi nimezitoa. Nikajichunguza kama alivyosema VidoleKumi na nilichokikuta kimenishangaza, safari yangu kubwa ya mausi haikuwa kukopi wala kuhama dirisha, ilikuwa kwenda kubofya kile kialama cha kusevu pale juu, nasevu kila baada ya dakika mbili kwa woga kwa sababu nilishapoteza kazi ya siku nzima umeme ulipokatika. Ctrl+S nilikuwa naijua miaka yote, mkono ndo ulikuwa haujui. Sasaivi nabonya hata nikiwa nasoma tu, hata kwenye brauza inaniuliza nataka kuhifadhi ukurasa wa nini.

Alt+Tab imekaa. Windows+V nimewasha na sirudi nyuma. Mama Lahajedwali ile F2 na Tab nimebadilisha mafaili 60 jana, yule dogo akasogeza kiti akaniuliza nimefanyaje hapo, hakuwa anaijua!

Kimoja bado kinanisumbua, nikiwa nafikiria nina tabia ya kugongagonga Shift, inaruka meseji ya Sticky Keys inaniuliza niiwashe. Nikubali au nikatae?

Mama_Lahajedwali

Katalia kaka. Ukigonga Shift mara tano ndo inakuja, imetengenezwa kwa wasioweza kushika batani mbili kwa pamoja, ukiiwasha Ctrl inabaki kama umeishikilia na utakuja kutulilia humu tena. Kwenye meseji hiyo hiyo kuna pa kubofya uzime hiyo shotikati yenyewe isikurukie tena. Pabofye kwa mausi tu, hatutamwambia mtu.